Sababu Tunayo, Uwezo Tunao. Nia Iko Wapi?

Makamanda,

Sisi huku mtandaoni tunaitana makamanda. Leo naomba niwaambie habari za mtu aliyebeba bunduki kweli, babu yangu mzaa mama. Mwishoni mwa 1978 alitoka shambani akiwa mgambo, akaenda kumtoa nduli Iddi Amin kwenye ardhi yetu. Mwanzoni mwa 1979 alijeruhiwa ng'ambo ya Mutukula, akarudi na mguu mmoja. Kwa zaidi ya miaka 40 alitembelea magongo, akalima, akasomesha. Sasa mguu uliobaki nao umechoka. Yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Kiti tulichanga wajukuu tukamnunulia. Tukadhani tumemaliza kazi, kumbe nyumba yenyewe inamkataa. Mlango wa chumba chake ni mwembamba, kiti hakipiti. Kibarazani kuna ngazi mbili. Choo kiko nje, cha shimo, cha kuchuchumaa. Mzee anatambaa kwenda chooni, na usiku lazima bibi aamke amshikilie. Likizo iliyopita niliona amepunguza kunywa maji. Nilipomuuliza, akasema hataki kumsumbua bibi yenu kila saa. Yaani mtu aliyepigania nchi anajinyima maji kwa sababu ya choo.

Kila Julai 25 tunaona kwenye TV viongozi wakiweka mkuki na ngao, upinde na mshale. Wanafanya vizuri. Waliolala Kaboya wanastahili heshima ile. Lakini shujaa aliyekufa haombi chochote. Aliye hai anaomba mlango upanuliwe, na hapo ndipo sherehe inapoishia.

Nilimwita fundi wa mtaani apige hesabu. Kuondoa fremu na kuweka mlango wa sentimita 90. Kumwaga zege la mteremko, ambao ili usimpindue mtu unatakiwa urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kimo, kwa hiyo ngazi za sentimita 30 zinataka mita 3 na nusu hivi. Choo cha kukaa kilichoungana na nyumba, na vyuma vya kujishikilia ukutani. Vyote pamoja na ufundi, haikufika milioni 3. Kwa familia yetu ni pesa nyingi mno. Kwa serikali inayotembelea V8, sitaki hata kulinganisha.

Nikaenda na barua ya babu kwenye ofisi moja ya umma. Nikarushwa dirisha hili hadi lile, mwisho nikaambiwa nijaribu mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Jamani, mkopo ule ni wa kufanyia biashara, na unarudishwa. Babu afanye biashara gani na choo?

Tunachodai kina jina: ruzuku ya kurekebisha nyumba kwa askari walioumia kazini. Sio ndoto ya vijana wa upinzani. Marekani walianza kuitoa mwaka 1948 kwa majeruhi wao wa vita, na mwaka 2024 kiwango cha juu kilizidi dola 117,000 kwa mtu mmoja. Hatuombi za Marekani, tunaomba saruji. Afrika Kusini hapa, sheria yao ya askari wa zamani ya 2011 imeweka makazi kuwa moja ya stahili zao.

Na msidhani ni habari ya wazee wa Kagera tu. Desemba 7, 2017 kambi ya vijana wetu waliokuwa kulinda amani ilishambuliwa kule Semuliki, Kongo. Walinda amani zaidi ya 40 walijeruhiwa. Wale ni rika la kaka zetu. Aliyeumia vibaya ataishi na jeraha lake miaka 50 mbele, na kambini hatakaa milele. Atarudi nyumbani, kwenye mlango ule ule mwembamba.

Kuna wenzetu watauliza, kwa nini askari peke yao wakati kuna walemavu wengi hawana msaada? Swali zuri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ni ya wote, na ruzuku hii iwafikie wote. Lakini huyu serikali ndiyo iliyomtuma. Ikishindwa kumlipa deni mtu iliyemtuma yenyewe, mama aliyeanguka na bodaboda ategemee nini?

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Fungu liandikwe kwenye bajeti ya Wizara ya Ulinzi, iwe ruzuku na sio mkopo. Afisa ustawi wa jamii na fundi wa halmashauri wafike nyumbani kwa mhusika, sio mzee asafirishwe kufuata mihuri. Na mgambo wahesabiwe, maana wengi hawana makaratasi ya jeshi lakini kijiji kizima kinajua walikoachia miguu. Hata wajenzi wapo: SUMAJKT wanajenga majengo ya serikali, mteremko wa zege utawashinda?

Na sisi tusijifiche nyuma ya chama tawala. Hebu kila mmoja afungue ilani yetu atafute neno hili. Kama halimo, tulipeleke kwenye kikao kijacho cha vijana, mimi nitasimama kulisema. Ukiwa na mzee wa Kagera mtaani kwako, nenda kesho. Pima mlango wake, hesabu ngazi zake, andika, lete tawini. Tukiwa na orodha, hakuna waziri wa kutuambia hakuna tatizo.

Mwalimu mwaka 1978 aliwaambia Watanzania kwamba sababu ipo, uwezo upo na nia ipo. Babu alisikia redioni akaamini, akaenda. Sasa ni zamu yetu kuiuliza serikali nia yake.