Afya Nyumbani: Kufunga Choo, na Dawa Isiyofaa Kila Tumbo

Chukua mfano wa mambo yatokeayo madukani siku ya soko. Watu wawili waingia katika duka moja kutaka dawa ya ugonjwa mmoja. Wa kwanza ni karani, kijana aliyevaa tai, naye aomba haluli kwa sauti ya chini, maana hajaenda choo kwa siku nne. Wa pili ni mama mzee atakaye chupa ndogo ya mafuta ya mbarika. Mjukuu wake wa miaka tisa hajaenda choo tangu juzi, na tumbo lamwuma. Mwenye duka yu tayari kuwauzia wote wawili, kwani kazi yake ni kuuza. Lakini penye benchi la duka ameketi mzee mmoja aliyefanya kazi ya udresa hospitalini kwa miaka mingi, naye amwuliza yule mama:

"Mama, maumivu ya mtoto yalianzia wapi?"

"Yalianzia hapa kitovuni, baba. Sasa yamehamia chini, upande wa kulia, wala hataki kuguswa. Jana usiku alitapika, na mwili wake una moto."

"Basi, mama, yaache mafuta hayo papa hapa. Usimpe dawa, wala usimpe chakula. Mtafute mwenye gari, mtoto afike hospitali leo kabla jua halijatua."

Ugonjwa wa watu hawa wawili una jina moja midomoni mwa watu, lakini si ugonjwa mmoja. Utumbo wa karani umelegea tu, na kinyesi kimekauka ndani yake. Mtoto ana dalili za uvimbe wa kidole-tumbo. Dawa ya kuendesha huulazimisha utumbo kujikamua kwa nguvu, na kidole-tumbo kilichovimba chaweza kupasuka, usaha ukaenea tumboni mwote. Basi mafuta yale yale yawezayo kumpa nafuu mtu mmoja yaweza kumwua mwingine. Hili ndilo jambo la kwanza kukumbuka nyumbani: tumbo lenye maumivu makali lisipewe dawa ya kuendesha kabla ya kuonwa na daktari.

Jambo la pili ni kujua kama ugonjwa upo kweli. Watu wengi hudhani kwamba mtu asiyekwenda choo kila siku ni mgonjwa. Sivyo. Mtu mwenye afya aweza kwenda mara tatu kwa siku, na mwingine mara tatu kwa juma, na wote wawili wakawa wazima. Kufunga choo ni kwenda chini ya mara tatu kwa juma, au kutoa kinyesi kigumu kama vidonge kwa kujikaza na kuumia.

Sababu zake mara nyingi hutokana na maisha ya kila siku. Nyumbani shambani mtu hula wimbi, mtama, maharagwe, kunde, viazi vitamu na mboga za majani. Vyakula hivi vina makapi, yaani zile nyuzi za mimea zisizosagika tumboni, ambazo hushika maji na kukilainisha kinyesi. Lakini yule karani aliyehamia mjini hunywa chai na mkate mweupe asubuhi, na jioni hula ugali wa unga uliokobolewa na nyama kidogo. Kutwa huketi kitini, maji hanywi ila kidogo, na haja ikimjia huizuia mpaka kazi iishe. Utumbo unaozuiwa kila siku mwisho huacha kuita.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hata mwaka 1966, na tofauti hii ya vyakula ilimshangaza sana. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha hesabu zao. Tumboni mwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita kwa muda wa saa 36 hivi. Tumboni mwa Waingereza waliopimwa kilichukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Leo Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzi hizo kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa champa zaidi ya gramu 10.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya nyumbani iko chunguni. Mtu na arudie nafaka isiyokobolewa, kunde na mboga, ale papai lililoiva au anywe maji ya ukwaju, na anywe maji ya kutosha, kwani makapi bila maji huzidisha taabu. Aongeze vyakula hivi polepole, maana akivila kwa pupa tumbo litajaa hewa. Na atembee kila siku. Wakati ulio mwema wa kwenda choo ni baada ya kunywa chai ya asubuhi, kwani hapo ndipo utumbo unapoamka. Kuchutama pia husaidia, kwani hunyosha njia. Na atumiaye choo cha kukalia aweza kuweka kigoda chini ya miguu yake.

Zile dawa za kuendesha zina kazi yake, lakini kila moja ina hatari zake. Mafuta ya mbarika hukamua utumbo kwa nguvu, na mwanamke mja mzito asiyanywe, maana yaweza kuleta uchungu kabla ya wakati wake. Mbegu zenyewe za mbarika zina sumu kali sana; zisitafunwe wala kusagwa kwa dawa, na watoto wasizichezee. Haluli ni chumvi ivutayo maji kutoka mwilini na kuyatia utumboni. Mtu mwenye ugonjwa wa mafigo hawezi kuitoa mwilini upesi, nayo yaweza kumlegeza mpaka pumzi na moyo. Sanamaki ni dawa nzuri kwa siku chache, lakini huleta msokoto wa tumbo ikizidi kipimo.

Tena dawa hizi huzaa mazoea kwa njia ambayo wengi hawaitambui. Mtu akiendeshwa leo, utumbo wote hubaki mtupu, nao huchukua siku mbili au tatu kujaa tena. Katika siku hizo yeye hudhani amefunga upya, akanywa kipimo kingine. Hivyo Jumamosi hufuata Jumamosi, na mtu mzima aliyefunga choo mara moja tu hugeuka kuwa mtumwa wa chupa.

Hatari iliyo kubwa kupita zote ni ya watoto wachanga. Katika nyumba nyingine mtoto hutiwa nyuma maji ya sabuni au ya mizizi kwa bomba. Sabuni huunguza ngozi laini ya utumbo, na maji ya mizizi isiyojulikana kipimo chake yaweza kumtia sumu kwa muda mfupi. Asali nayo asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama pekee, akipita umri wa juma sita hivi, aweza kukaa siku kadhaa bila choo; kama anyonya vema, aongezeka uzito na tumbo ni laini, hana ugonjwa. Lakini mtoto aliyezaliwa tu, asipotoa choo cha kwanza katika muda wa saa 48, yapasa aonwe na daktari upesi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba dawa nyingine za hospitali hufunga choo, kama vile vidonge vya madini ya chuma wapewavyo waja wazito, na dawa kali za maumivu. Mgonjwa asiache vidonge vyake kwa siri, bali amweleze mwuguzi.

Dalili za kwenda hospitali bila kukawia ni hizi: tumbo limevimba, wala choo wala hewa havitoki; mgonjwa atapika, hasa matapishi ya kijani; ana maumivu makali au homa; au choo kina damu. Mtu wa namna hii huenda utumbo wake umejisokota au umezibika. Kujisokota kwa utumbo mpana huonekana katika hospitali za Afrika Mashariki, hata kwa wakulima walao vyakula vyenye makapi mengi. Dawa ya kuendesha haiwezi kufungua fundo, hulikaza tu. Naye mtu aliyepita miaka 50 ambaye desturi ya choo chake imegeuka ghafula, au anayekonda bila sababu, asitosheke na dawa za dukani.

Turudi dukani. Karani aliagizwa na yule mzee anunue kilo ya maharagwe badala ya haluli, naye akacheka, lakini akanunua. Mama mzee aliiacha chupa juu ya meza, akatoka mbio kutafuta gari. Usiku ule mtoto alipasuliwa, kidole-tumbo kikatolewa kabla hakijapasuka. Kabla ya kufungua chupa yo yote ya kuendesha, mwenye nyumba na aulize kwanza maswali matatu: Je, pana maumivu makali? Je, mgonjwa anatapika? Je, tumbo limevimba? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, chupa na ibaki imefungwa.