Moyo Hautibiwi kwa Kubahatisha
Juzi kwenye duka la dawa, mama mmoja mbele yangu alifungua fundo la kanga, akatoa noti zilizokunjwa, akaomba vidonge vya potasiamu. "Moyo unaruka-ruka, mwanangu," alimwambia muuzaji, "jirani kaniambia hivi vinatuliza." Nikamwamkia, nikamuuliza kama ana dawa nyingine anazotumia, akanionyesha za presha. Moyo wangu nao ukashtuka. Ni kweli potasiamu na magnesiamu husaidia kuongoza umeme wa moyo, na baadhi ya dawa za kukojosha huyapunguza madini hayo mwilini. Lakini potasiamu ya damu ina nafasi finyu, takriban milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, na zipo dawa za presha zinazoipandisha, kama ambavyo hupanda figo zikichoka. Chumvi ikipungua mchuzi hupooza, ikizidi humwagwa; ila moyo haupikwi upya. Mchicha, maharage na ndizi, vyenye madini hayo, ni chakula chema kwa wengi wetu. Kidonge cha madini ni dawa, na kumuuzia mwenye moyo unaoruka bila kupima damu wala umeme wa moyo (ECG) ni kuchezea uhai wake. Yule mama nilimsindikiza hospitali, fundo lake likiwa limefungwa tena.