Muwa Usifike Mlangoni

Wako watu hapa Muhoroni wasemao kwamba ardhi isiyopandwa miwa ni ardhi iliyopotea. Tangu kiwanda cha sukari kilipojengwa katika miaka ya 1960, miwa imesogea mpaka chini ya madirisha ya nyumba zetu. Mimi nawapinga watu hao.

Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, au zaidi, kabla ya kukatwa. Na njaa haingoji. Mboga za mgagani na mnavu, zikipandwa nyuma ya jiko, huchumwa baada ya wiki chache tu.

Huenda ukaniuliza, “Na maua je, huliwa?” Hayaliwi. Lakini maua huwaita nyuki, na ua la boga lisilofikiwa na nyuki huanguka bila kuzaa. Tena, litazame ua lile jekundu, la duara kama mpira, lichipukalo mvua zinapoanza. Chini yake mna tunguu, mfano wa kitunguu, ila lina sumu. Wakati wa mvua tunguu hujiwekea akiba, kiangazi hulala, mvua zirudipo huchanua kwa akiba yake lenyewe. Nyumba inayotegemea malipo ya miwa peke yake haina tunguu: malipo yakichelewa, hunyauka.

Basi wewe msomaji, urudipo nyumbani likizo hii, mwombe mzazi wako kwa adabu hatua kumi tu za ardhi. Panda mboga, panda na maua. Miwa ina bonde zima. Mlango tuachiwe sisi.