Ugonjwa wa sukari: kugombeza hakuponyeshe mutu



Fundi mumoja wa shimoni aliingia dispanseri akichechemea, buti moja mukononi. Ndani ya buti mulikuwa jiwe dogo. Alilikanyaga zamu nzima bila kusikia kitu, kwani sukari ikikaa nyingi katika damu miaka na miaka, inaharibu mishipa inayosikia maumivu. Kidonda kilioza, na hospitalini wakamukata kidole.

Nilimuuliza sababu gani aliacha kuja miezi 8. Akajibu: «Munganga, kila nikija unanigombeza. Bukari hapana, pombe hapana, sukre hapana. Nikaona heri nikae kwangu, nile kwa amani.»

Nilinyamaza. Ni kweli, nilimupa makatazo kumi kwa dakika tano, naye aliitika «ndiyo» kama vile mutu anavyomuitikia kapita.

Leo ninauliza mugonjwa na bibi yake: juma hili mutaweza kubadilisha kitu gani kimoja? Mumoja alichagua sukre. Alizoea chupa 2 kila zamu, na chupa ya sentilita 33 iko na sukari karibu gramu 35, ndiyo vijiko vidogo 7. Akashika maji. Mwezi ulipokwisha alikuja mwenyewe, bila kuitwa, kutazama namba yake kwenye mashini. Kisha mama akapunguza bukari kwa nusu, akaongeza lengalenga na samaki. (Wengi wanasema bukari ya mihindi ni mubaya, ya mihogo ni dawa. Hapana. Zote mbili zinageuka sukari katika damu.)

Lakini wewe unayepigwa sindano ya insulini, usipunguze chakula mbele ya kutuambia, wala usishuke shimoni na njaa. Sukari ikianguka utatoka jasho, utatetemeka, hata kuzimia karibu na mashini. Weka vipande vya sukari mufukoni. Ndiyo, sukari! Na mujulishe kapita wako. Wako wanaoficha ugonjwa kwa kuogopa kuondolewa shimoni; ninawafahamu, lakini siku ya kuzimia ni nani atawasaidia kama hakuna anayejua?

Mbele ya kuvaa buti, ingiza mukono ndani. Jioni, mutoto akutazamie nyayo na katikati ya vidole. Na kama uliacha kuja kwetu, rudi. Hatutakuuliza ulikuwa wapi.