Someni Tamthiliya Yenyewe

Ndugu zangu wa Iringa na Mbeya, Nyanda zetu hizi za Juu Kusini hazijawahi kukosa wapenda shule. Mzazi wa huku yuko radhi kuuza gunia la viazi kwa bei ya hasara, mradi ada ya mtoto isichelewe. Mungu awabariki. Lakini mtoto huyohuyo akiambiwa aandike insha ya uchambuzi wa tamthiliya, anaandika nini?

Anaandika alichokariri kwenye desa. Kitabu chenyewe hajakifungua. Amenunua kurasa chache zilizodurufiwa steshenari, zimepangwa dhamira, migogoro, wahusika, matumizi ya lugha na ujumbe, akazimeza zote. Insha yake huanza na maana ya tamthiliya, huishia na sentensi ileile ya miaka yote: mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuielimisha jamii. Amefanikiwa kwa lipi, mwanangu? Nguo ya kuazima haistiri matako.

Tuichukue Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya Edwin Semzaba, iliyosomwa sekondari miaka na miaka. Mtoto wa desa ataandika kwamba Ngoswe ni mzembe, hafai kuigwa na jamii, kisha anarukia hoja ya pili. Hiyo ni hukumu isiyo na shahidi. Aliyesoma anajua kwamba Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake Ngengemkeni Mitomingi, anamtorosha, na baba mtu kwa hasira anazitia moto karatasi za hesabu. Hapo ndipo insha inapoanza! Kwa nini mwandishi hakumwacha mzee ampige Ngoswe fimbo yakaisha? Kwa nini moto uziangukie karatasi? Kwa sababu hesabu ile ni ya kijiji kizima, ndiyo ya kupangia shule, zahanati na visima. Penzi la mmoja na hasira ya mmoja zimekula haki ya wote. Na mzee naye, aliye balozi wa watu, asiulizwe? Kijana anayeandika hivyo, akataja onyesho, akaonyesha nani alimwambia nani nini na maneno hayo yanathibitisha nini, huyo amechambua, hata kama Kiswahili chake kina makosa mawili matatu.

Mtasema vitabu ni ghali, havitoshi darasani. Ni kweli. Basi someni kwa zamu, mmoja awe Ngoswe, mwingine Mazoea, wengine wasikilize. Penye nia pana njia, na tamthiliya iliandikwa isemwe kwa sauti mbele za watu.

Hapo nashindwa kulinyamazia jambo jingine. Mahafali yetu yamekuwaje? Zamani halikukosekana igizo la wanafunzi, wazazi wakacheka na wengine wakajifuta machozi. Siku hizi zinakodiwa spika, na watoto wanacheza muziki wa kurekodiwa tangu asubuhi hadi jioni. Mcheza kwao hutunzwa, na mchezo wa kwetu tunao! Mugyabuso Mulokozi, mtu wa Kagera, aliona historia ya Uhehe inastahili jukwaa, akaandika tamthiliya ya Mukwava wa Uhehe, ikatoka mwaka 1979. Sisi wenye Uhehe tumeipandisha jukwaani mara ngapi? Kalenga ni mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, na fuvu la Mukwava huyo, yaani Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, liko pale kwenye makumbusho. Lugalo nako, alikouawa kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake kuangamizwa Agosti 1891, si mbali. Mtoto aliyefikishwa huko, kisha akaisoma tamthiliya hiyo, hahitaji desa limweleze mgogoro ni nini.

Walimu wa Kiswahili, najua mzigo mlio nao, madaftari ni mengi na shukrani ni haba. Hata hivyo nawaomba: tungeni swali ambalo desa halina jibu lake, swali la onyesho moja, mhusika mmoja, uamuzi mmoja alioufanya. Nanyi wazazi, kabla ya kulipia tuisheni ya mwezi ujao, mnunulieni mtoto kitabu chenyewe, mkae naye awasomee. Ngoswe ni kitabu chembamba, kinakwisha kwa jioni moja.