Bunduki ya Roosevelt na Gobore la Babu

Mkono wa kushoto wa babu yangu ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda na gobore, siku bomba lilipopasuka akiwinda kanga upande wa Wembere. Hakulitupa. Alilificha juu ya dari miaka mingi, mpaka serikali ilipotangaza msamaha kwa watakaosalimisha silaha kwa hiari. Tukalifunga kwenye kiroba, tukaenda naye kulikabidhi. Aliyetupokea alikuwa mtu wa adabu, akamwamkia babu shikamoo, akafungua daftari na kuandika: gobore, moja. Basi. Hakuuliza nani alilitengeneza, wapi, wala mwaka gani. Njiani kurudi Shelui babu alisema neno moja tu: "Kumbe lilikuwa moja."

Nimeikumbuka kauli hiyo mwaka huu, nikiwa chuoni nasomea shahada ya uzamili, jioni ambayo rafiki yangu aliniita nitazame video za Wamarekani wanaokusanya bunduki za kale za mitutu miwili. Nilikaa pale mpaka simu ikaisha chaji. Wanazungumzia Parker za Meriden, Connecticut, L.C. Smith za jimbo la New York, Fox za Philadelphia, kama wazee wa kwetu wanavyozungumzia ng'ombe wa mahari: rangi, pembe, mama yake nani. Kitako cha mbao ya mjozi, chuma kilichochorwa mbwa na ndege kwa mkono, mitutu miwili iliyoungwa pamoja kwa ustadi mpaka huoni kiungo. Kwa namba iliyogongwa kwenye chuma mtu anaweza kutafuta katika vitabu vya kiwanda ilitengenezwa lini na iliagizwa ya namna gani.

Nikiri: ni nzuri. Sina ugomvi na uzuri. Ugomvi wangu ni na rafiki yangu, na wengi wetu tulio kama yeye, aliyefunga video ile akasema, "Hawa ndio mafundi. Siyo sisi na magobore yetu."

Tuanze na bunduki ambayo wakusanyaji hao wanaitukuza kuliko karibu zote. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani, alishuka Mombasa kuanza safari ya kuwinda. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Fox ya mitutu miwili aliyozawadiwa na mtengenezaji mwenyewe. Alimwandikia kumshukuru, akasema hajapata kuona bunduki nzuri kama ile, na kwamba karibu aone haya kuileta Afrika ikapate misukosuko. Akaileta. Yeye na mwanawe Kermit, kwa hesabu aliyoichapisha mwenyewe, waliua wanyama 512. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500.

Haya ya Roosevelt ilikuwa kwa ajili ya bunduki. Ndiyo maana siwezi kuitazama ile Fox nikaona nakshi peke yake. Jangili wa Wembere mwenye gobore anaitwa jangili, na ni sawa aitwe hivyo. Lakini mwenye Fox anaitwa mwanamazingira, na bunduki yake inaitwa urithi. Tofauti kati yao siyo chuma tu. Mmoja alikuwa na kibali, mwandishi na mpiga picha.

Sasa tuje kwenye "magobore yetu". Wengi tunaamini gobore ni ushahidi kwamba tulichelewa kuamka. Historia inasema vingine. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikawa na balozi mdogo Unguja. Kitambaa cha merikani kila mtu amekisikia, hata jina lake tunalo bado. Tunachosahau ni kwamba wafanyabiashara hao hao walileta pia bunduki na baruti, wakaondoka na pembe za ndovu. Wanyamwezi walizijua bunduki vizuri sana. Mirambo hakujenga utawala wake kwa fimbo. Halafu mwaka 1890 mataifa makubwa yakakutana Brussels, yakatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake yakazuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa watawala na waliopewa vibali. Zilizoachiwa mlango kidogo ni gumegume na baruti ya kawaida.

Lengo la kukomesha utumwa lilikuwa jema, sibishani. Lakini angalia matokeo. Miaka ile ile ambayo viwanda vya Connecticut na New York vilikuwa vikishindana kutengeneza bunduki ya kufunguka katikati, sheria ya dunia ilimwamuru babu wa babu yangu abaki na ya kushindilia kwa mdomo. Gobore halikubaki la kizamani kwa sababu ya uzito wa akili zetu. Mlango ulifungwa na watu tunaowajua, tarehe tunayoijua.

Na bado mafundi hawakulala. Gobore la babu lilitengenezwa na mhunzi aliyetumia chuma cha stelingi ya gari bovu, kitako akakichonga kwa mninga, bila mashine ya kukereza, bila mchoro, bila shule. Lilipiga kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kupasuka. Wakusanyaji wa Marekani wangeita kazi hiyo ya mkono na kuipandisha bei. Sisi tunaiita takataka. Mhunzi yule hakugonga jina lake kwenye chuma, na tunadhani ni kwa kuwa hakuona fahari. Fahari alikuwa nayo. Kutengeneza silaha bila leseni ni kosa, hata leo chini ya sheria ya 2015; kwa mwenye kiwanda cha Philadelphia jina lililogongwa ni tangazo la biashara, kwa mhunzi wa Iramba ni kielelezo mahakamani.

Najua nitakavyojibiwa. Nilipopeleka wazo hili kama mada ya tasnifu, mhadhiri mmoja aliniambia kuwa hilo ni suala la polisi, siyo la historia. Wengine watasema natukuza silaha. Nimekula mezani pamoja na mkono wenye vidole vitatu. Sihitaji kufundishwa gobore ni nini. Linaua tembo, linaua majirani, na mara nyingine linamuua anayelishika. Sitaki lirudi majumbani. Zinazosalimishwa ziteketezwe.

Ninachopinga ni kuteketeza bila kuandika. Kabla ya moto, piga picha mbili. Pima urefu wa bomba. Uliza kijiji, chuma, mti na umri. Katika kila mia moja, chagua moja, lizibwe mtutu lisiweze kupiga tena, lipelekwe makumbusho. Mzee aliyekuja kwa hiari na amesamehewa atasimulia akiulizwa kwa heshima. Kazi hiyo inahitaji daftari lenye safu tano badala ya moja.

Sisi watu wa Shelui tulipaswa kulijua hili zamani. Mlima Sekenke uko pale juu yetu, na mgodi wake wa dhahabu ulianza kuzalisha mwaka ule ule wa 1909 Roosevelt aliposhuka Mombasa. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa vitani, walichukua dhahabu ya Sekenke wakaigonga sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye tembo na mlima nyuma yake. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazigombania, na zimeandikwa katika katalogi zao. Sijawahi kuiona hata moja Shelui. Walioichimba dhahabu ile hawana katalogi.

Kwa hiyo rafiki yangu, na wewe unayesoma haya ukiwa na video nyingine inakusubiri: penda Parker, penda Fox, jifunze namba zao. Lakini usiseme kwamba wale ni mafundi na sisi siyo. Wale wana vitabu vya kiwanda. Wa kwetu wana moto na daftari la safu moja, na kila mwaka unaopita anazikwa mzee mmoja aliyejua nani alitengeneza nini.

Wangu alizikwa mwaka juzi. Wiki chache kabla, nilimuuliza jina la mhunzi. Alinyamaza kwanza, akatazama mlangoni kama mtu anayesikiliza hatua, kisha akalitaja, na kijiji chake, na jina la aliyemfundisha kazi. Nimeyaandika yote. Siyaweki hapa, kwa sababu mhunzi ana wajukuu na sheria haijabadilika. Daftari ninalo.