Mgeni Si Mtazamaji

Ndugu zangu walimu, na wasomaji wote wa gazeti hili, leo nataka kusema neno ambalo huenda likawachoma baadhi yenu. Lakini lanichoma mimi kwanza. Sisi watu wa Bagamoyo twawalaumu sana wasafiri wanaokuja kuutazama mji wetu. Hushuka garini, huenda Kaole kuyaona magofu, hupita misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, na sokoni huwapiga picha mama zetu wakikaanga samaki, wasitoe hata salamu. Twanung'unika, nasi twanung'unika kwa haki. Walakini sisi wenyewe tukivuka bahari kwenda Unguja kuiona sikukuu ya wenzetu, twafanya yale yale. Tena kosa letu ni kubwa zaidi, kwa kuwa lugha yao twaijua, na adabu yao ndiyo yetu.

Nasema habari ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, upande wa kusini mashariki wa Unguja. Kila mwaka, mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, watu wa huko huuaga mwaka wa zamani na kuupokea mpya. Mwaka huo ndio Nairuzi, ambao asili yake ni Uajemi. Haufuati mwandamo wa mwezi. Una siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kuzidi. Kwa miongo hiyo wakulima na mabaharia wa pwani walihesabu majira ya kupanda na majira ya pepo. Siku hiyo wanaume wa pande mbili hupigana kwa magomba ya migomba, ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishie uwanjani. Wanawake waliovaa nguo zao nzuri hupita wakiimba nyimbo za mafumbo na utani. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, na aliyemo hutoka mbio akaokoka. Baadaye watu hula pamoja, na ngoma huchezwa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Pwani ya Mrima nayo iliijua siku ya mwaka, na watu waliteremka baharini kuoga. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo yetu, aliandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapwa mwaka 1903, wakati alipokuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Basi mtu wa hapa akiicheka sikukuu ya Makunduchi, na ajue kwamba awacheka babu zake mwenyewe.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui, nami nalijifunza kwa aibu. Watu wa Makunduchi huona si heri nyumba kukosa mgeni siku ile. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwao methali hii si maneno matupu, ndiyo sheria ya sikukuu.

Nalikwenda mara ya kwanza pamoja na walimu wenzangu wawili. Tulichukua mikate yetu na maji yetu mikobani, maana tuliogopa chakula cha watu tusiowajua. Njiani bibi mmoja mzee alisimama mlangoni pake akatuita: "Karibuni wanangu, nyumba yangu haijapata mgeni." Tukamjibu, "Ahsante bibi, tumeshiba. Twaharakisha tuyawahi mapigano." Akatutazama kitambo, kisha akasema, "Kumbe mmekuja kuona, hamkuja kwetu." Hakusema zaidi, akaingia ndani. Uwanjani mwenzetu mmoja aliinua simu yake akawapiga picha wanawake waliokuwa wakiimba. Mmoja wao akajifunika uso kwa kanga, nasi tukacheka. Tulirudi Dar es Salaam na picha nyingi, wala hapana hata mtu mmoja wa Makunduchi tuliyemjua jina.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema, "Sikukuu ile si ya dini yetu, Mkristo akikaribia sana atajitia unajisi." Namjibu hivi: ukiwapo uganga au dua usiyoweza kuitikia, simama kando, unyamaze, hapana atakayekulazimisha. Lakini kusalimu si ibada, na kula wali wa mtu aliyekukaribisha si kuikana imani yako. Bwana wetu alipowatuma wale wanafunzi sabini, aliwaagiza wale walivyoandaliwa katika nyumba iliyowapokea. Ajabu ni kwamba huyo aogopaye kula haogopi kutazama. Ikiwa ni dhambi, asiende kabisa. Ikiwa si dhambi, aende kama mtu mwenye adabu.

Wa pili atasema, "Mchezo huchezwa hadharani, na aliye hadharani amekubali kutazamwa." Hapo twachanganya mambo mawili. Hapa Bagamoyo tuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na tamasha lake. Huko lipo jukwaa, na mchezaji amejitayarisha kwa ajili ya mtazamaji. Makunduchi hapana jukwaa. Wale wanaume hupigana kwa sababu yao, na wale wanawake huimbiana wao kwa wao. Arusi nayo huwa hadharani. Je, wewe huingia arusini kwa watu ukampiga picha bibi arusi, ukaenda zako bila kumpa mkono baba yake?

Wa tatu atasema, "Wageni huleta fedha, na wenyeji wafaidika." Kweli, fedha hununua samaki na hulipa nauli. Lakini fedha hainunui ruhusa ya kumdharau mtu mlangoni pake.

Tena tusidhani kwamba adabu hii yadaiwa Waafrika peke yao. Katika mji wa Binche, huko Ubelgiji, wakati wa baridi kali, iko sikukuu kubwa kabla ya Kwaresima. Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, watu waitwao Gilles hupita njiani na kuwarushia watu machungwa. Chungwa lile ni zawadi. Mgeni akilirudisha kwa kulitupa, amewatukana. Je, mkate wetu wa mkobani ulikuwa na tofauti gani na chungwa lililotupwa?

Basi anayetaka kwenda, na aende, sikukuu yamtaka. Lakini avae nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe. Asichukue pombe katika mji wa Waislamu. Asiingie kupigana mpaka aitwe, wala asijisogeze karibu na kibanda cha moto akawazuia wenye kazi. Akitaka picha ya mtu, amwombe kwanza, na akikataliwa asinune. Utani wa nyimbo za wanawake auache pale pale, asiupeleke mjini kuwa kichekesho. Na zaidi ya yote, apige hodi katika nyumba moja, akae, ale, aulize habari za watoto na za shamba. Nyumba moja yatosha.

Mwaka uliofuata nalikwenda peke yangu, nimechukua kilo mbili za sukari. Nikapiga hodi kwa yule bibi. Alinitambua, nalimwona usoni. Lakini hakutaja neno la mwaka jana. Alitandika mkeka, akaniletea wali na samaki, akanifahamisha wajukuu zake mmoja mmoja kwa majina. Mapigano sikuyawahi. Nalisikia kelele zake kwa mbali, mkono wangu ungali sahanini.

Walimu wenzangu, twawafundisha watoto kusoma na kuhesabu, na tena twawafundisha kuitikia salamu. Mtoto asiyeitikia twamrudi. Basi ni nani atakayeturudi sisi, tunapoitwa mlangoni tukapita? Mwezi wa Julai utakapokuja tena, ama tuingie nyumbani mwa watu, ama tubaki kwetu Bagamoyo, na kuwanung'unikia wasafiri tuache.

Mwalimu mwenzenu,
Bagamoyo.